Chuma cha Uani kwa Bi Shaikha

Mashine ya sauti ya Bwana Mahfoudh ilikuwa na ugonjwa, na mume wangu aliutaja ugonjwa huo mbele yangu kabla haujaua mtu.

"Inavuja," alisema. Siku hiyo mashine ilikuwa imeteremshwa kwenye lori kutoka Dar es Salaam na kuwekwa juu ya meza barazani, sanduku la bati jeusi, zito kama jiwe la kusagia. Mimi nilikuwa nimekuja kumletea chakula. "Haivuji maji, Bwana Mahfoudh. Inavuja umeme. Ikiwa baridi haina neno. Ikishapata joto, hili bati la nje linashika umeme, na mwenye kuligusa ndiye anayekuwa njia yake."

Bwana Mahfoudh alikuwa akipangusa vitufe kwa ncha ya kilemba. Ni mtu wa asili ya Oman, mwenye duka la nguo na mbata, mtu mpole, ila akishanunua kitu hapendi kusikia kina kasoro.

"Sasa unanambia nini, fundi? Maulidi ndiyo haya yanaingia. Niirudishe Dar? Nimeshawaambia watu mpaka Saadani kwamba mwaka huu mwanangu Majid atasoma, na walio mbali watasikia."

"Usiirudishe. Nitaupa umeme njia nyingine. Umeme ni kama maji ya mvua, unataka kuteremka tu. Ukiuchimbia mfereji, unapita. Usipouchimbia, unabomoa ukuta."

"Basi uchimbie," akacheka Bwana Mahfoudh.

Mfereji wenyewe ulikuwa fimbo ya chuma, urefu wa mkono wa mtu mzima, inayopigwa nyundo ardhini mpaka ibaki kichwa tu. Waya wa shaba unatoka kwenye bati la mashine na kufungwa kwenye kichwa hicho. Basi. Umeme unaovuja unashuka kwa waya, unaingia kwenye chuma, unamezwa na ardhi, na mtu anasalimika. Majaliwa, mume wangu, aliuita ethi, kama walivyouita jeshini. "Ethi kwanza," alikuwa akisema hata nyumbani, akinionyesha vifaa vyake juu ya kitanda. "Kabla ya waya wa injini, kabla ya mabomba ya sauti, kabla ya kitu chochote. Na wakati wa kufungua, ethi mwisho."

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na nililielewa jambo hili bila shida. Kilichotushinda hakikuwa kuelewa.

Majaliwa ni Mkwere wa Miono. Alichukuliwa vitani, akafika Bama kupigana na Wajapani, huko akafundishwa kazi ya simu za upepo, na aliporudi jembe likawa limemkataa. Akaja Bagamoyo, akapanga chumba kwetu, akanioa. Miono si mbali, ukipanda lori asubuhi unakula huko mchana, lakini kwa watu wa mjini kwetu mtu wa Miono ni mtu wa porini, na mtu wa porini hata akisali safu ya mbele wanamwangalia mifuko, wakitafuta hirizi.

Mama yangu, Bi Mwaija, ni mkunga. Nusu ya vijana wa mtaa wetu walipokewa na mikono yake, na Majid wa Bwana Mahfoudh ni mmoja wao. Mama alimpenda Majaliwa kwa adabu yake na akamwogopa kwa ajili ya mimba zangu. Mbili zilitoka. Ya pili ilitoka nikiwa nimevaa kanga ya zambarau, na mama ndiye aliyenivua.

"Mimba haitoki hivi hivi," alisema siku ile, akiifua kanga. "Kuna mkono."

Hakusema mkono wa nani. Aliangalia tu viatu vya mume wangu pale mlangoni.

Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale zile mbili zilipoishia, lakini ilikuwa imetulia. Imetulia mno. Mama alinipapasa kila asubuhi, na kila asubuhi alikunja uso na kusema, "Mvivu huyu," kwa sauti ya mtu anayezungumzia jambo jingine.

Siku ya Maulidi tulikwenda sote kwa Bwana Mahfoudh tangu asubuhi. Wanawake tulikuwa uani kwa Bi Shaikha, mkewe, tunamenya vitunguu saumu na kuchambua mchele, na Majaliwa alikuwa juu ya ngazi, anafunga mabomba mawili ya sauti yenye midomo mipana kama maua ya maboga. Moja alilielekeza mtaani, jingine baharini. Hakutaka hata moja limtazame msomaji, kwa sababu mashine ikisikia sauti yake yenyewe hupiga yowe la kupasua masikio.

Chausiku, jirani yetu, hawezi kukaa kimya mahali penye watu.

"Mwanamvua! Mumeo siku hizi anapanda minazi ya watu?"

"Anafunga mabomba, shoga."

"Na hilo sanduku linakunywa nini? Kila kinachonguruma kinakunywa kitu."

"Injini inakunywa petroli."

"Nimekuuliza sanduku."

"Sanduku halinywi."

"Halinywi!" Akawageukia wenzake, mikono kiunoni. "Mmesikia? Linanguruma bure, kwa hisani!"

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha bibi mmoja aliyekuwa akimenya saumu akasema polepole, bila kuinua kichwa, "Mumiani nao walianza hivyo hivyo. Kwa vitu visivyokunywa mbele za watu." Kicheko kikafa. Siku zile maneno ya watu wanaovuna damu ya wenzao yalikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mama alikuwa karibu na bibi yule, anakata vitunguu. Kisu chake kilisimama kidogo, kikaendelea.

Baadaye Majaliwa akapiga hodi uani, akaniita pembeni ya bafu. Alikuwa amechagua pale, maji ya kuogea yanapotokea, kwa sababu ardhi kavu haipokei umeme vizuri. Alipiga chuma chake kikaingia, akaniomba maji na chumvi ya jikoni.

"Chumvi ya nini, bwana?"

"Ardhi yenye maji ya chumvi inapitisha zaidi. Mimina pole pole, hapa hapa, kuzunguka shingo yake."

Nikamimina. Akafunga waya, akaukaza kwa koleo, akajaribu kuuvuta, haukutoka. Akasimama, akatazama njia ya kwenda bafuni.

"Watu watajikwaa hapa. Akijikwaa mtu mmoja tu, waya umekatika. Huna kitambaa chenye rangi ya kuonekana?"

Katika furushi langu nilikuwa na vipande vya ile kanga ya zambarau. Nilikuwa nimeichana, nashikia sufuria za moto, maana sikutaka tena kuivaa wala kuiona sandukuni. Nikampa kipande. Akakifunga kichwani mwa chuma, mafundo mawili, akasema Bismillahi, akakanyaga udongo kwa kisigino ushikamane.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Naeleza taratibu kwa sababu kila kitu alichokifanya pale kilikuwa cha kumlinda mtu.

Kabla ya alasiri aliwasha injini kule kichochoroni, kisha sanduku, vitufe vyote vikiwa vimezungushwa hadi mwisho wa chini. Akangoja vioo vya ndani viwe vyekundu, akaacha mashine ipate joto lake lote. Alikuwa na bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Akaigusisha kwenye bati: kitaa hakikuwaka. Kisha akachomoa waya wa ethi nyuma ya mashine, kidogo tu, akagusisha tena, na kitaa kikawaka kama jicho la paka. Akaurudisha waya, kikazima.

"Umeona, Mwanamvua? Ulinzi wetu wote ni waya huu."

Majid alikuwa amesimama pale akitazama, kijana mwembamba, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Sauti aliyopewa na Mungu haikufanana na kifua chake.

"Fundi," akasema, "na mimi nikipata joto navuja?"

"Wewe ukipata joto usiishike maiki. Iache kwenye mti wake, usome."

"Nitaibusu kwa mbali."

Adhana ya alasiri ikapigwa. Majaliwa akazima kila kitu na wanaume wote wakaenda msikitini. Wanawake wakapokezana bafuni kutawadha. Mama alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Aliporudi, pindo la kanga yake lilikuwa limelowa na kucha zake zilikuwa na tope. Akaosha mikono kwenye mtungi, kwa muda mrefu.

"Mama, umeanguka?"

"Sijaanguka."

Akaniwekea kiganja tumboni, mbele ya watu wote, jambo asilolifanya kamwe nje ya nyumba yetu. "Mwanangu," akasema, "sasa utapona." Nikaona ni dua ya mama, nikaitikia amina.

Wanaume waliporudi walikaa haraka, ua wa mbele ukajaa. Vijana walikuwa wamemwagia udongo maji kuzuia vumbi, wakatandika mikeka juu yake. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia, na pazia lina matundu. Majaliwa alikwenda kichochoroni, injini ikaanza kutetema, akarudi mezani. Nikamwona akiingiza mkono kwenye mfuko wa shati, mahali anapoweka ile bisibisi.

"Washa, fundi, washa," Bwana Mahfoudh akasema. "Watu wameketi, Liwali ameshafika."

Mkono wa mume wangu ukatoka mfukoni ukiwa mtupu. Akawasha.

Majid alisoma. Siwezi kusema alivyosoma. Bi Shaikha alikuwa mbele yangu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kilio cha furaha. Sauti ya mwanawe ilikuwa inatoka hewani, si kwenye kinywa cha mtu, na inakwenda mpaka ufukweni na kurudi. Chausiku mwenyewe alinyamaza. Majid alisoma akiwa amekaa, maiki kwenye mti wake, mikono yake mapajani kama alivyoagizwa.

Kisha kikafika kiyamu. Kila mtu akasimama, udi ukaongezwa kwenye chetezo, na vijana wakapita na marashi, wakiwanyunyizia watu vichwani, na mikeka ikalowa. Majid naye akasimama, peku, na maiki ikabaki chini ya kifua chake. Wakati wa kumsalia Mtume nani anakumbuka maagizo? Akanyoosha mkono, akaitwaa.

Hakupiga kelele. Sauti ilikatika katikati ya neno, na mabomba yakatoa mngurumo mmoja mnene. Mkono wake haukufunguka. Alianguka na maiki, ameikumbatia kifuani, mwili umekaza kama ubao.

Amu yake akaruka kumshika. Na hapo ndipo mume wangu alipopiga ukelele ambao mji mzima umemshikia: "Msimshike! Msimshike!" Akampiga amu yule kikumbo, akamwangusha, kisha akakimbia. Hakumkimbilia Majid. Alitoka nje ya ua, akaingia kichochoroni, akazima injini. Mimi nilijua anakwenda wapi. Wengine waliona mtu anayezuia watu wasimwokoe mtoto wa wenyewe, kisha anatoroka.

Akarudi mbio, akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua kama walivyofundishwa vitani. Wakamvuta kwa shingo ya shati. "Muache! Umeshamuua, unataka na mbavu zake?"

Majid alikuwa amekwisha kufa.

Walipomwachia, Majaliwa alishika waya wa ethi pale nyuma ya mashine na kuufuata kwa mikono, kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi aliyepotea, akapita chini ya pazia letu, wanawake wakapiga kelele, akafika pembeni ya bafu. Waya ulikuwa umelala juu ya udongo. Mwishoni mwake hapakuwa na kitu. Mahali pa chuma palikuwa pamesawazishwa, na juu yake kulikuwa na alama ya unyayo mpana, mdogo, wa mwanamke.

Aliutazama unyayo ule. Kisha akautazama uso wangu. Askari wa boma wakamkuta amesimama vilevile.

Majid alizikwa asubuhi yake. Tuliporudi kutoka kwa wafiwa nilimkuta mama jikoni kwetu, amekaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikakaa chini mbele yake. "Chuma kiko wapi?"

"Chuma gani?"

"Mama."

Akapangusa meno ya mbuzi kwa kidole gumba. "Kimekwenda kinakostahili. Chooni."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini? Mimi?" Sasa akaniangalia. "Nimekaa na wanawake waliofungwa uzazi tangu hujazaliwa. Naijua kazi hiyo inavyofanywa. Chuma, chumvi, maji ya kuogea wanawake, na nguo ya mwenyewe aliyeivaa siku ya damu. Hata mtoto anajua. Nimefika pale kutawadha, naona kanga yako imefungwa fundo kwenye chuma, imepigwa ardhini. Ile kanga! Nilikuvua kwa mikono hii. Na waya unatoka hapo unakwenda kwenye sanduku lisilokunywa kitu. Ungekuwa wewe, mwanao ndiye aliyefungwa pale, ungepita?"

"Kanga nilimpa mimi. Ili watu wasijikwae."

"Ndivyo alivyokwambia."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Chumvi nilimimina mimi. Waya ule ndio uliokuwa unamlinda Majid."

"Chuma hakimlindi mtu. Mungu ndiye anayelinda." Lakini alirudi kupangusa meno ya mbuzi yaliyokwisha kuwa safi, na nikaona kwamba ameshaelewa tangu jana, tangu kijana alipoanguka, na kwamba anapigana na kuelewa huko kwa nguvu zake zote. "Mimi ndiye niliyempokea Majid. Alikuja kwa miguu. Shaikha alikwisha kata tamaa, mimi nikamgeuza. Leo unataka niseme nimemuua?"

"Majaliwa atafungwa."

"Hakupima baada ya sala. Kasema mwenyewe kwa askari, watu wote wamesikia. Kosa lake amelitaja kwa kinywa chake."

"Angepima na chuma kipo, asingekuwa na la kujibu. Wanasema hakukipiga kabisa, mama. Wanasema alimtega mtoto wa watu."

Akaniwekea mkono begani, mkono mwepesi wa mkunga. "Mwanangu, mume ni nguo. Ikichakaa unavaa nyingine. Ukisema jina langu barazani kwa Liwali, hakuna mwanamke atakayenifungulia mlango tena. Nitakula nini? Nitakuwa nani? Utakuwa umenizika na macho yangu yanaona."

"Na nikinyamaza, nitakuwa nimemzika yeye."

"Basi zika," akasema. "Chagua, uzike." Akachukua nazi, akaanza kukuna.

Sikungoja usiku kuamua; lilikuwa wazi tangu pale jikoni. Kama ningekuwa sikuona tope kwenye kucha zake, ningeweza kusema sijui bila kusema uongo. Lakini niliona. Mimi ni mtu wa kuona, na hiyo si sifa, ni mzigo tu ambao wengine hawakupewa.

Baraza lilikaa kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali. Liwali alikuwa juu kwenye kiti, wazee pembeni, na Bwana Mahfoudh kwenye mkeka, hajavaa kilemba. Majaliwa aliletwa na askari wawili. Walimwuliza, akajibu.

"Ulijua mashine inavuja?"

"Nilijua."

"Bwana Mahfoudh, alikwambia?"

Bwana Mahfoudh aliinamia mkeka wake. "Aliniambia," akasema. "Akasema kuna chuma kitakachozuia. Mimi chuma sikukiona. Nilikuwa na wageni."

"Fundi, chuma hicho kiko wapi?"

"Nilikipiga uani, pembeni ya bafu. Sijui kiko wapi."

"Baada ya sala ulihakikisha kama bado kipo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Majaliwa alifungua mdomo, akamtazama Bwana Mahfoudh, baba wa maiti, aliyemwambia washa. Akaufunga. "Sina sababu, Liwali."

Watu wakaguna. Liwali akauliza kama kuna shahidi yeyote aliyekiona chuma kikipigwa, kwa sababu bila hicho hana la kufanya ila kumpeleka mtu huyu Dar es Salaam, kwa wenye kesi za kuua.

Nilikuwa nimesimama ngazini pamoja na wanawake, nimejifunika. Mama hakuwapo. Nikapanda.

"Mimi niliona."

"Wewe ni nani?"

"Mwanamvua binti Mgeni, mke wake."

Mzee mmoja akacheka puani. "Mke! Atamwonaje mumewe na kosa?"

"Nilishika maji na chumvi," nikasema. "Nilitoa kipande cha kanga yangu, akakifunga kwenye kichwa cha chuma. Nilimwona akipima na kitaa hakikuwaka. Majid mwenyewe alikuwapo, na alitania."

Bwana Mahfoudh akaziba uso kwa viganja.

"Kama kilikuwapo," Liwali akasema, na sauti yake haikuwa kali, "kimekwenda wapi? Chuma hakina miguu."

Majaliwa akatikisa kichwa mara moja, taratibu, kunikataza. Alijua. Alikuwa ameutambua unyayo ule kabla yangu, maana ndio unaopita mlangoni kwake kila siku, na tangu akamatwe hakuwa amelitaja jina hilo kwa mtu yeyote. Hapo nikaona kwamba tukinyamaza wote wawili, mimi na yeye, atakwenda, na atakwenda bila kunilaumu, na mimi nitabaki na mama yangu tunakuna nazi.

"Kiko chooni kwa Bi Shaikha," nikasema. "Alikitupa mama yangu, Bi Mwaija. Aliona kanga yangu akadhani nimefungwa uzazi. Hakujua."

Askari walitumwa na miti mirefu, tukangoja, jua likapanda. Walirudi na kitu kilichofungwa kwenye gunia, na harufu ikafika kabla yao. Walipolifungua, kipande cha kanga kilikuwa bado na mafundo yake mawili.

Bwana Mahfoudh alikitazama kwa muda mrefu. "Mwaija," akasema. "Ndiye aliyemtoa tumboni." Kisha akamwambia Liwali: "Mfungulieni fundi. Na huyo mama sitamshitaki. Mtu hashitakiwi kwa kumwogopea mwanawe. Ila asikanyage kwangu, na asimguse tena mtoto wa ukoo wangu, aliyezaliwa wala atakayezaliwa."

Liwali akasema ataandika hivyo kwa Mzungu mkuu wa wilaya, na watu wakatawanyika. Kwa mtu mwingine ingekuwa hukumu nyepesi. Lakini ukoo wa Bwana Mahfoudh ukimfungia mkunga mlango, mji mzima unafunga. Kabla sijateremka ngazi nilimsikia Chausiku akisema, "Na mimi nilikuwa nimemwambia aje kwa binti yangu mwezi ujao. Laa, laa!" na hapakuwa na mzaha ndani yake.

Majaliwa hakufurahi. Tulitembea mpaka nyumbani, akiwa mbele, akasimama kwenye kona.

"Ningepima tena," akasema, "angekuwa hai. Hilo halimhusu mama yako."

"Alikuharakisha Bwana Mahfoudh."

"Vitani tuliharakishwa na mabomu, na tulipima." Akapangusa uso. "Siwezi kukaa hapa, Mwanamvua. Lori la Miono linaondoka mchana huu. Njoo au baki, sitakulazimisha."

Nikafunga furushi langu. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa, na habari zilikuwa zimeshamfikia, maana mtaani habari haziendi kwa miguu. Nikapiga hodi. Nikapiga tena. Nikasikia mkeka ukilia. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango hapo hapo.

"Mama, nimekuja kukuaga. Nakwenda Miono. Nipe radhi yako."

Mlango haukufunguka.

"Mama, nitajifungua mbali. Usiniache niende bila radhi yako."

"Anacheza?" akauliza.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Aliye tumboni."

"Anacheza, mama."

"Tangu lini?"

Niliweka kiganja changu juu ya mbao za mlango. Nilijua anachokitaka, na nilijua kwamba jibu langu atalala nalo na kuamka nalo mpaka mwisho wake, litamsimamia mbele ya Bi Shaikha na mbele ya mji mzima, na halitamwacha ajutie. Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeshamchukulia kila kitu kwa kusema kweli, na sasa kweli ilikuwa upande wake.

"Tangu jioni ya Maulidi," nikasema. "Hatulii."

"Umeona," akasema mama.

"Mama, hilo si kwa sababu ya chuma. Watoto wote wakifika—"

"Umeona, mwanangu."

Nikasikia akiinuka, kisha komeo likasukumwa mpaka mwisho. Nilibaki pale, naomba radhi kwenye mbao, mpaka Majaliwa alipokuja kunishika mkono kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi.